Ndege wa asali, wanasayansi, na mlio wa mujomba wangu



Wiki hii mwenzetu mmoja alituma mu grupu ya WhatsApp kichwa cha habari: wanasayansi wamegundua kwamba kuna ndege anayesikia lugha ya watu. Vichekesho vikafwata. Mmoja akauliza kama huyo ndege hawezi kusaidia watoto wetu na Kifaransa cha masomo. Mwingine akasema ni mambo ya bazungu benye kukosa kazi. Mimi sikucheka sana, juu huyo ndege namujua. Ni ndege wa asali, ule mudogo wa rangi ya majivu mwenye manyoya meupe kandokando ya mukia. Wataalamu wanamwita Indicator indicator, watu wa pwani wanamwita mlembe. Basi nikaenda kusoma makala yenyewe, si kichwa tu, kisha nikarudi nyuma kusoma zile zilizoitangulia. Maoni yangu njo haya. Ni marefu kidogo, munisamehe.

Makala ilitoka mu jarida Science, Desemba 2023. Waandishi ni wawili, Claire Spottiswoode na Brian Wood. Ulizo lao ni zuri sana. Wahadza wa Tanzania, ku vilima vya Kidero, wanamwita ndege wa asali kwa mluzi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wanamwita kwa mlio wa ulimi unaotetemeka, kisha mguno mufupi: brrr-hm. Ndege ni wa aina moja tu pande zote mbili. Je, akisikia mlio wa wageni atakuja? Wakachukua sauti zilizorekodiwa, wakatembea nazo mu pori, wakazipiga, wakahesabu. Kule Kidero ndege alikubali mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Kule Niassa ikageuka: mlio wa Wayao ulishinda ule wa Wahadza karibu mara mbili.

Hapo nilisimama kidogo. Kumbuka kwamba huyo ndege hakulelewa na wazazi wake. Mama anatupa yai mu kiota cha ndege wengine na kwenda zake. Kule Choma, Zambia, si mbali sana na sisi, Spottiswoode na mwenzake walitia kamera ndani ya shimo la kiota wakaona kile kitoto, macho yangali yamefungwa, kinauma watoto wa mwenye nyumba kwa ndoano iliyo ku midomo yake mupaka wanakufa. Kwa hiyo baba na mama hawakumufundisha kitu. Na hata hivyo akiwa mukubwa anajua mlio wa bantu ba pale anapokaa. Inaonekana anajifunza kwa kutuangalia sisi, ao kwa kuangalia ndege wenzake wanaotufwata. Kazi ya namna hii ni ya kupigia makofi, na mimi napiga.

Lakini kichwa cha habari kilisema «wamegundua». Hilo neno njo linaniuma.

Mu 1989, mu jarida lile lile la Science, Mkenya mmoja, Hussein Isack wa makumbusho ya taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walitoa makala juu ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya na ndege huyu. Kwangu mimi njo makala bora kuliko zote nilizosoma, na ninasikitika kuona namna inatajwa haraka haraka siku hizi, sawa vile mutu anasalimia muzee mu mlango bila kuingia. Isack hakuanza na kifaa. Alianza na kile wazee wa Kiborana walichosema: kwamba ndege anawaonyesha upande gani asali iko, anawaonyesha kama ni mbali ao karibu, na wakifika anawajulisha kwamba wamefika. Kisha akachukua kila neno akalipima. Kutafuta muzinga bila ndege, mu pori usilolijua: wastani wa saa 8.9. Kwa kuongozwa na ndege: saa 3.2. Akaona pia kwamba ndege akiruka mara ya kwanza na kukawia kurudi, muzinga uko mbali, na vituo vyake vinapungua urefu kadiri munavyokaribia. Wakifika, mlio unabadilika, unakuwa wa taratibu, kisha ananyamaza. Na ndege naye anafaidika, juu asilimia 96 ya mizinga ile hangeweza kuifikia mupaka mutu apasue kwa chombo.

Yaani wazee walikuwa na haki. Kila kitu walichosema kilipita mu mizani na kikabakia. Huyo Isack hakugundua ndege, na wala hakujidai. Alifanya kazi ingine ambayo ni nguvu zaidi: aliwapa wazee nafasi ya kukosea, nao hawakukosea.

Sasa linganisha. Mu 2016, Spottiswoode pamoja na Keith Begg na Colleen Begg walipima mlio wa Wayao. Ukitembea Niassa ukipiga brrr-hm, nafasi ya kupata ndege wa kukuongoza inapanda kutoka asilimia 33 mupaka 66, na nafasi ya kuona asali mwisho wa safari inapanda kutoka 16 mupaka 54. Hesabu safi. Lakini mwindaji wa asali wa Kiyao mu makala ile ni kama mupira mu mechi: bila yeye hakuna mchezo, na jina lake halimo mu timu. Mu ile ya 2023 pia, kati ya waandishi wale wawili hakuna Muhadza wala Muyao. Sisemi ni wizi. Najua makala ya sayansi ina sheria zake, na hao waandishi wanaishi na watu wale miaka na miaka. Nasema tu kwamba sheria zenyewe zinafaa kuangaliwa. Mutu anayeuliza anapewa jina. Mutu anayejibu anapewa shukrani ku mwisho.

Kuna makala ya tatu ambayo watu wengi hawaisomi kwa sababu inaharibu hadithi nzuri. Ni ya Brian Wood na wenzake, 2014. Sote tunapenda kusikia kwamba mutu na ndege wanagawana: mutu anachukua asali, ndege anachukua nta. Wayao kweli wanamuwekea nta yake, juu ya majani mabichi. Lakini Wahadza, ambao asilimia 8 mupaka 10 ya chakula chao inapatikana kwa musaada wa ndege huyu, mara nyingi wanakusanya masega yaliyobaki, wanayazika, ao wanayachoma. Sababu yao? Ndege akishiba atalala. Akibaki na njaa, atakuongoza tena ku muzinga mwingine. Habari zinazotumwa mu simu zetu zinapenda neno «ushirikiano», lakini makala hii inaonyesha ujanja mu upande mumoja na njaa mu upande mwingine. Nawaheshimu kwa kuiandika bila sukari.

Mujomba wangu hangekubali hata siku moja. Kijiji chake kilikuwa ku barabara ya Kasenga, na likizo zangu za utoto nilizipitisha kule. Alikuwa anasema: «Usipomupatia yake sehemu, siku ingine ule ndege atakupeleka kwa nyoka.» Na tukiwa mu pori: «Usipige makelele. Angaria mukia. Akinyamaza, njo pale.» Nilipofika ku sehemu ya Isack juu ya ndege anayebadilisha mlio kisha kunyamaza, nilifunga simu nikakaa kimya dakika chache. Mujomba hakusoma mupaka darasa la sita.

Miaka ile nikitafuta somo la TFC, nilimwambia mwalimu mumoja kwamba nataka kuandika juu ya ndege wa asali na watu wa kijiji chetu. Simtaji, na chuo sikitaji. Akacheka mbele ya wenzangu: hiyo ni hadithi ya ku moto, tafuta kitu cha kisayansi. Nilikuwa mutoto, sikujua kujitetea. Sikujua kwamba wakati ule makala ya Isack ilikuwa imekwisha kutoka zamani. Pengine mwalimu naye hakujua. Nikaandika juu ya kitu kingine, nikapata alama zangu, na leo hata kichwa cha ile kazi lazima nikitafute mu makaratasi.

Naeleza haya juu lawama yangu haiendi Bulaya peke yake. Vyama vya wanasayansi wa tabia za wanyama viko na umri: kile cha Waingereza kilianza 1936, cha Wamarekani 1964, na vyote viwili vinatoa pamoja jarida Animal Behaviour. Vina mikutano yao, zawadi zao, pesa za kusaidia wanafunzi, na habari zao zote ziko mu Kingereza. Sawa, ni vyao. Waafrika nao wameanza: chama cha Afrika cha wataalamu wa nyani na sokwe kilifanya mukutano wake wa kwanza kule Bingerville, Côte d'Ivoire, mu 2017, na wa pili Entebbe mu 2019. Ni jambo la furaha. Lakini angalia mnyama gani anapata chama. Mnyama mwenye sura kama yetu. Hata hapa Lubumbashi, ukitaja wanyama kwa mugeni, anajua J.A.C.K. tu, ile makao ya sokomutu ambayo Franck na Roxane Chantereau walianzisha mu 2006. Na dunia nzima ilitusikia Septemba 2022, usiku ule wezi walipoiba sokomutu watatu wadogo, César, Hussein na Monga, wakaomba pesa kama vile wameteka watoto wa tajiri. Ilikuwa haya kubwa kwa mji wetu. Wale watoto walistahili ile huzuni yote.

Ndege wa asali hana mutu wa kumuombea pesa. Yeye anapotea bila kelele, na wenye kumupoteza ni sisi. Pori la miombo la Katanga njo nyumba yake: muputu, mutondo, musamba. François Malaisse, aliyefundisha hapa miaka mingi, alitoa mu 1997 kitabu kizima juu ya chakula ambacho watu wetu wanapata mu pori hili, uyoga, vinkubala, asali, vyote. Ni kitabu kizito, kimejaa majina ya mimea, na mutu wa Lubumbashi akikifungua anasikia njaa. Lakini simama asubuhi ku barabara ya Kasenga, ya Likasi ao ya Kipushi, uhesabu makinga ya makala yanayoingia mu mji. Kila mufuko ni muti, na ndani ya miti mikubwa yenye mashimo njo nyuki walikuwa wanakaa. Mimi napika na makala, wewe pia, hata wenye cuisinière, juu ya umeme wa SNEL. Hatuwezi kumulaumu mutu wa kinga peke yake.

Na kuna jambo lingine ambalo makala ya 2023 inalisema nusu tu, ingawa kwangu njo kubwa kuliko takwimu zote. Kama mlio unafundishwa na bantu ba pale pale, basi kijiji kikiacha kuita, ndege anaacha kusikia. Herbert Friedmann aliandika kitabu juu ya ndege hawa mu 1955, na tangu zamani ile ilijulikana kwamba pale watu wanapopata sukari ya duka, ndege anapunguza kuongoza. Hauhitaji kuua ndege hata mumoja. Inatosha vijana wasijue kuita.

Kati ya makala nne nilizozitaja za Science na za Wahadza, moja ni ya Kenya, moja ya Tanzania, moja ya Msumbiji, na ya mwisho ni ya Tanzania na Msumbiji pamoja. Hakuna hata moja iliyofanywa ku Katanga. Sisi tunaitaje? Kwa mluzi? Kwa ulimi? Kwa kupiga shoka ku muti? Mujomba alikuwa anafanya vyote, kama nakumbuka vizuri: anapiga shoka mara mbili tatu, kisha anatoa mlio fulani wa ku koo. Ule mlio sikuushika. Nilijaribu nyumbani mwezi uliopita, watoto wakacheka, bibi yangu akaniuliza kama niko na homa. Mujomba tulimuzika zamani. Nikamupigia mama-mukubwa simu, yeye angali kule. Alijaribu mara tatu, rezo ikakatika mara mbili. Ya tatu nimeirekodi, inadumu sekunde tisa, na jogoo analia katikati.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Uko mutu wa Kasenga, wa Sakania, wa Mitwaba, wa Pweto? Uliza wazee wa kwenu namna wanamwita ndege wa asali, urekodi na simu, uandike jina la kijiji na jina la muzee, kama anakubali. Jina lake likuwe la kwanza, yako ifwate. Tuma hapa. Ya mama-mukubwa nitaitia kesho, nikishamuomba ruhusa.