Mvua ya Kirumi na Bei ya Uganga Usiokwisha

Katika michezo ya uhusika inayochezwa mezani, kwa karatasi, penseli na dadu, mganga akijipa macho ya kuona visivyoonekana kwa saa moja hakuna anayelalamika. Akitaka macho hayo abaki nayo maisha yake yote, mezani panachemka. Mpiga panga anauliza yeye atapata nini cha kulingana na hicho. Msimulizi anayeendesha mchezo naye anajua kwamba kila mtego na kila jasusi aliyemficha kwa ajili ya miezi ijayo hana kazi tena. Uganga wa muda unatatua tatizo la leo, lakini ule wa kudumu unafuta aina nzima ya matatizo, na ndiyo maana kuupangia bei ni kazi ngumu kuliko zote anazokutana nazo mtunga kanuni.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, umejaribu bei kadhaa. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilitoza mwili: kila mganga alipofanya uganga mmoja kuwa wa kudumu, alipoteza alama moja ya uimara wa mwili wake. Alama hizo kwa kawaida huwa kati ya 3 na 18, kwa hiyo moja si kitu cha kuchezea. Bei hii naiheshimu kwa ukali wake. Udhaifu wake ni kwamba iliwatisha wachezaji hadi wengi wakauacha uganga huo kabisa, na kanuni ambayo hakuna anayeigusa haijasawazisha chochote.

Toleo la mwaka 2000 likahamia kwenye alama za uzoefu. Kudumisha uwezo wa kutambua uganga kuligharimu alama 500. Mganga wa ngazi ya 9 alihitaji alama 9,000 kufika ngazi ya 10, hivyo alikuwa akitoa sehemu moja kati ya kumi na nane ya safari hiyo. Tena, kanuni hizo ziliporekebishwa baadaye, aliyebaki nyuma kwa ngazi alipewa alama nyingi zaidi kuliko wenzake kwa pambano lilelile. Deni likajilipa lenyewe baada ya muda, na uwezo ukabaki. Mchezo wa Pathfinder wa mwaka 2009 uliacha alama hizo ukataka dhahabu, vipande 2,500 kwa uwezo huohuo. Dhahabu ni bei nzuri pale tu msimulizi anapoibana, na wengi wetu hatuibani.

Mwaka 2014 Dungeons & Dragons ilikuja na wazo bora zaidi: muda. Anayetaka duara la kusafiria liwe la kudumu sharti afanye uganga wake mahali palepale kila siku kwa mwaka mzima, na kila mara ateketeze chaki na wino vyenye thamani ya vipande 50. Kwa siku 365 hiyo ni vipande 18,250, mbali na mwaka wa kukaa mahali pamoja bila kwenda kokote. Hapa hatimaye gharama inahisiwa na mhusika mwenyewe, maana anakosa maisha mengine. Lakini siku ya mwisho ikipita, deni limekwisha milele.

Kasoro ya bei hizi zote ninaiona ni moja: zinalipwa na mtu mmoja, kisha zinaisha. Kitu kinachoendelea kutoa faida kinadaiwa mara moja tu, na hakuna kiwango cha malipo ya mara moja kitakachotosha mchezo unaoendelea miaka miwili mezani. Mchezo ulioligundua hili ni Ars Magica, uliotungwa na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen mwaka 1987. Humo, katika Ulaya ya enzi za kati, waganga wanaishi pamoja, wanahesabu muda kwa misimu, na kinga kuu ya makao yao inadumu mwaka mmoja tu. Wakitaka iendelee, wanakusanyika tena na kutoa tena akiba yao ya nguvu.

Mbunifu aliye Singida hana haja ya kwenda Ulaya ya enzi za kati kutafuta mfano wa namna hiyo. Kaskazini mwa mkoa, katika wilaya ya Mkalama, Wanyisanzu wana desturi ya mvua ambayo mwanaanthropolojia Todd Sanders aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2008. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukiharibika, mtama na uwele vya mwaka mzima vimekwenda. Mvua hiyo ina wenyewe: mwanamume na mwanamke wa ukoo wa kitemi wa Anyampanda, katika kijiji cha Kirumi. Hakuna anayeiweza peke yake. Kazi yao inarudi kila msimu, na watu wa kawaida wana sehemu yao ndani yake. Mvua ikichelewa kuna hatua nyingine, zikiwemo ngoma za mvua za wanawake na matambiko kwa wahenga. Serikali ilifuta utemi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini dhamana ya mvua haikufutika nao.

Hiyo ni ibada ya watu walio hai. Dawa zake, maneno yake na mawe yake si vya kuwekwa kwenye meza ya mchezo, nami sivichukui. Ninachokichukua ni muundo: walipaji wengi, wenye dhamana wawili, malipo yanayorudi.

Kwa kanuni inakuwa hivi. Kijiji cha kubuni kina kaya kumi na zindiko la mvua. Kila msimu kila kaya inatoa kipimo cha nafaka. Kisha wenye dhamana wawili, wanaochezwa na watu tofauti, kila mmoja anarusha dadu yake ya pande sita. Kaya zote zikiwa zimetoa, kila dadu inahitaji 2 au zaidi, na lazima zote mbili zifaulu. Nafasi ni 25 kati ya 36, yaani kama asilimia 69. Kila kaya tatu zisipotoa, kiwango kinapanda kwa moja: asilimia 44, kisha 25, kisha 11. Mgomo wa kaya tatu tu unaigeuza mvua kutoka jambo la kutegemewa kuwa bahati nasibu, kwa hiyo wachezaji wanalazimika kwenda mlango kwa mlango kupatanisha watu. Huko ndiko hadithi inakopatikana.

Asilimia 69 peke yake ni katili, maana karibu mwaka mmoja kati ya mitatu ungekuwa wa njaa. Kwa hiyo kuna hatua ya pili: wahusika wa kike wa kijiji wakikubali kujitokeza kwa pamoja, dadu moja iliyoshindwa inarushwa upya. Nafasi inapanda hadi kama asilimia 93 kijiji kikiwa kimoja, na hadi 74 kaya tatu zikiwa zimesusa. Nimeweka sharti kwamba wenye dhamana hawawezi kuiamuru hatua hii. Ni lazima waombe, na anayeombwa ana haki ya kudai kitu kwanza.

Ipo hoja kwamba hesabu hizi zitachosha wachezaji. Zitachosha kweli zikifanywa kila kikao. Zifanywe mara moja kwa msimu wa ndani ya mchezo, kwa dakika kumi, na kaya ziwe na majina na ugomvi wao ili hesabu iwe mazungumzo.

Faida nyingine inamgusa mpiga panga wa mwanzo. Macho ya kudumu yanatembea na mganga hadi ndani ya pango na kumpora mwenzake nafasi. Zindiko hili limefungwa kwenye kijiji. Wenye dhamana wakisafiri linalegea, na wakifa linakwenda kwa warithi, kwa upande wa mama kama ilivyo ukoo wa Wanyisanzu. Bado sijapata kanuni safi ya kikao ambacho mchezaji wa mmoja kati ya wenye dhamana hakufika. Kwa sasa dadu yake inarushwa na mchezaji ambaye kaya yake haikutoa nafaka.