Maji ya Mtungini

Siku hizi ukitaja burudani, watu hufikiria muziki, jukwaa na kiingilio. Lakini neno hilo ni ndugu wa baridi. Kumburudisha mtu, kwa asili yake, ni kumtoa joto, kama msafiri anavyopewa kata ya maji ya mtungini. Maana hiyo ya kale ingali hai katika Biblia ya Kiswahili, pale Paulo, mfungwa wa Roma, anapoiombea rehema nyumba ya Onesiforo, "maana mara nyingi aliniburudisha."

Paulo alikuwa amekimbiwa. Wa Asia walimpa kisogo, na wawili kati yao, Figelo na Hermogene, anawataja kwa majina. Kujulikana kuwa rafiki wa mfungwa wa namna ile kulikuwa na hatari yake. Onesiforo, aliyekwisha kuhudumu sana kule Efeso, alipofika Roma aliulizia na kutafuta mpaka akampata. Minyororo haikumtia aibu, na hakwenda mara moja tu.

Ninalolistaajabia ni hili: hatuna hata neno moja lililotoka kinywani mwa Onesiforo. Ametajwa mara mbili tu, zote katika waraka wa pili kwa Timotheo, na kilichobaki ni nyayo zake. Sisi tukienda kumwona mgonjwa au mfiwa, njia nzima twajiuliza, "Nitasema nini?" Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, kimya, na hapo walifanya vyema. Waliharibu walipoanza kusema.

Katika jumuiya yetu yupo mama fundi wa kazi hii ya kufariji. Hupiga hodi na chupa ya uji mkononi. Huosha vyombo alivyovikuta, huuliza kama watoto wamekula, husali kwa ufupi, kisha huaga kabla mwenyeji hajachoka. Matanga yakiisha, turubai likishakunjwa na wageni wakishatawanyika, yeye hurudi. Kwenda msibani twaenda wote. Ufundi wake uko katika kurudi.

Wafinyanzi wanaijua siri ya mtungi. Udongo wake una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, upepo huyakausha, nayo yakikauka huondoka na joto la yaliyobaki ndani. Mtungi usiotoka jasho haupozi maji. Ndivyo alivyo na mfariji: ubaridi anaompa mwenzake yeye ameulipia kwa nauli, kwa usingizi, kwa jua la njiani. Onesiforo aliulipia katika mitaa ya Roma.

Basi ukisikia nduguyo yuko taabani, usikae ukitunga maneno. Ulizia njia ya kwake, uende. Na wiki ijayo, urudi.