Fundi wa Stoo Kuukuu

Viungani mwa Eldoret bado zipo stoo za enzi za wazungu: kuta za mawe, paa la mabati yaliyoshika kutu, na mlango mpana wa kupitisha mkokoteni. Nyingi zimeachiwa kuku na magunia ya mbolea. Chache zimegeuzwa nyumba za kuishi, na hizo ndizo zinazonifanya nimsifu fundi wa kazi hii, maana si kila seremala anaiweza.

Makaburu walipanda nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, magari yao yakivutwa na maksai kutoka Nakuru. Mji ulianzia kwenye shamba namba 64. Kutokana na namba hiyo kwa Kiingereza, wazee waliuita Sisibo. Reli haikufika hadi 1924. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa stesheni ya Londiani, ikapandishwa kwa maksai katika njia iliyogeuka tope wakati wa mvua. Aliyejenga basi alitumia kilichokuwa karibu, jiwe na mti wa mtarakwa. Na nani aliyelichonga jiwe? Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyekaa kwenye shamba la mzungu alifanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mahindi yalilala kwenye ghala la mawe, mjenzi wake akalala kibandani. Leo wajukuu wa vibarua kama hao wakitandika vitanda humo ndani, mimi naona deni limelipwa kidogo.

Fundi mzuri hashiki nyundo siku ya kwanza. Huzunguka jengo na bisibisi, akiidunga kila nguzo pale inapokutana na ardhi. Mtarakwa hauliwi upesi na mchwa, ndiyo maana ulipendwa kwa nguzo za ua, lakini penye maji yaliyotuama hata wenyewe huoza. Bisibisi ikizama, hukata kipande kile tu na kuunga mguu mpya. Ikikataa kuingia, nguzo huachwa na weusi wake. Akipitisha randa mara mbili tatu juu ya ubao uliopauka, wekundu hutokeza na chumba hujaa harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Si ajabu: mtarakwa wa Kenya uliuzwa ng'ambo kutengenezea penseli.

Mtihani wenyewe ni ukuta. Stoo iliyolaza ng'ombe au mbolea imenyonya chumvi ndani ya jiwe. Fundi wa haraka hupiga plasta ya simiti, akapaka rangi nyeupe, akachukua pesa zake na kwenda. Mvua za Aprili zikija, plasta huvimba na kubanduka kama maganda ya viazi, na mwenye nyumba humlaumu mzungu aliyekufa zamani. Anayejua hulisugua jiwe kwa brashi ya waya, akalipa muda likauke, kisha akatumia chokaa, au akaliacha wazi. Kumshawishi mteja kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Halafu kuna baridi. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mawe ikipiga mabati matupu hamsikilizani. Dari ni lazima. Wengi huipigilia chini ya boriti na kuzizika mbao ambazo leo huzipati dukani kwa bei yoyote. Fundi niliye upande wake huzipanga mbao za dari juu ya boriti, ili ukilala chali uone jinsi zilivyounganishwa. Ule mlango mpana nao haujengi tofali. Huuwekea fremu na vioo, sebule ikapata jua la asubuhi.

Kama umerithi stoo ya namna hii, usianze na mwenye lori la kubeba vifusi. Mwite fundi kwanza, na umlipe hata siku ile ya kuzunguka na bisibisi.