Kitenzi cha Kiswahili na Ishara za Hali katika Vihariri vya Programu

Wanaistilahi wa Kiswahili wamekwisha kubishana vya kutosha juu ya nomino za kompyuta. Ikiwa chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ni suala lililokula kurasa nyingi pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Kitenzi hakikupata bahati hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hasara ya upungufu huo huonekana wazi mahali padogo mno, yaani katika ukanda mwembamba ulio chini ya kihariri cha programu, ambamo mtumiaji huarifiwa kama chombo kinafanya kazi au la.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi katika vyuo vya kando ya barabara ya Thika: Mount Kenya mjini Thika, Zetech kule Ruiru, au Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Kihariri cha Visual Studio Code, kilichotangazwa na Microsoft mwaka 2015, kwa lugha nyingi hakikagui msimbo chenyewe. Kazi hiyo huachiwa seva ya lugha, chini ya utaratibu uliotangazwa mwaka 2016. Seva ni programu ya pembeni. Husoma msimbo na kurudisha hesabu ya makosa na maonyo. Ikimaliza bila kuona kosa, ukanda husomeka sifuri na sifuri. Ikichelewa kuanza, au isipoanza kabisa, ukanda husomeka vilevile. Mwanafunzi huudhania ukimya wa pili kuwa ni wa kwanza, akakabidhi kazi mbovu kwa moyo mkunjufu.

Wabunifu hawakulala. Karibu na jina la lugha ya programu wameweka alama ya mabano ya mawimbi, ambayo ikibofywa hufunua hali ya seva. Hata hivyo maelezo yenyewe ni ya Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakimo katika vifurushi rasmi vya lugha vya kihariri hicho. Na lau tafsiri ingefanywa kesho kwa desturi ya neno kwa neno, faida ingekuwa haba. Kiingereza huridhika na kineno kimoja kisichosema kama ni amri au ni habari. Kiswahili hakina haja ya utata huo: Washa ni amri, Imewashwa ni habari.

Zaidi ya hapo, viambishi vya njeo na hali hugawa kazi vizuri kuliko rangi yoyote. Inakagua: kazi ingali mbioni. Imekagua: kazi imekwisha. Haijakagua: ndiyo ile sifuri ya uongo, ikitajwa kwa jina lake. Hukagua: ni mazoea, yaani mpangilio uliochaguliwa. Makanga wa Thika aitaye abiria wa Ruiru kwa kusema gari linajaa hajasema limejaa, na abiria, hata awe mzawa wa Kigikuyu au Kikamba, huijua tofauti hiyo kabla ya kutoa nauli.

Hazina kubwa zaidi imo katika mnyambuliko. Kipengele cha kihariri kikikoma, kuna mambo mawili: ama mtumiaji alikizima, ama kimekufa chenyewe. Kimezimwa na kimezimika ni habari mbili tofauti, na kila moja yataka tiba yake. Ya kwanza hutibiwa kwa kitufe, ya pili kwa kuianzisha seva upya. Mfasiri anayeandika kimezimwa kila mahali humtupia mtumiaji lawama isiyo yake.

Upatanisho nao hutaja mkosaji bila kupoteza nafasi. Limehifadhiwa ni faili. Kimekwama ni kihariri. Imekwama ni seva. Desturi ya kubandika i- kwa kila kitu, kana kwamba ngeli ni pambo, huifuta habari hiyo.

Yaweza kujibiwa kwamba ukanda ni mwembamba. Haijakagua ni herufi kumi tu. Pingamizi lenye uzito ni jingine: hu- haichukui kiambishi cha ngeli, hivyo Hukagua, ikisimama pekee, haisemi ni nani akaguaye. Katika orodha ya mipangilio, basi, nomino haina budi kuandikwa: Seva hukagua kila faili linapohifadhiwa. Katika ukanda, kitenzi peke yake chatosha.