Sifa za Fundi Simu

Masika yalipokolea jijini Dar es Salaam, simu za mezani za ofisi moja ziliingiwa na maradhi mawili yanayopingana. Simu ya mapokezi ilikatika yenyewe katikati ya mazungumzo. Ya mhasibu ilikataa kukatika: akishaweka mkonga chini, kila anayempigia anakuta laini inatumika. Barua ya kuomba simu mpya ilikwishaandikwa. Bahati nzuri mtu mmoja akakumbuka kwamba yuko mzee mstaafu wa Posta na Simu, akaitwa.

Hakufungua kitu. Baada ya kuitikia shikamoo ya dada wa mapokezi, alianza kwa kuuliza. "Mwanangu, inakatika ukiwa umetulia, au ukiuhamisha mkonga sikio la pili? Na mvua ikikatika, inapona?" Maswali hayo ni nusu ya kazi. Inayokatika ukitikisa mkonga ina ugonjwa wa waya wake wa kujikunja au wa kitako chake. Inayougua na mvua ina ugonjwa wa njia.

Maradhi yenyewe yanaeleweka ukiijua eksichenji, mtambo unaounganisha simu na simu. Almon Strowger wa Marekani alipata hataza ya eksichenji ya kujiendesha mwaka 1891, na baada ya hapo mashine ikaanza kuchukua nafasi ya mwendeshaji. Mashine haina macho. Haijui kama umeaga. Inajua tu kama umeme unapita. Ukiinua mkonga, vibati viwili ndani ya simu vinagusana na mkondo unapita. Ukiuweka, vinaachana na mkondo unakoma. Kibati kikishika uchafu, eksichenji inadhani umekata ungali unazungumza. Maji yakiingia kwenye kiungio, umeme unavuja kutoka waya mmoja kwenda mwingine, nayo inadhani ungali unazungumza ilhali umeshakwenda kula.

Kwa mhasibu, mzee alichomoa simu kabisa, kisha akapiga namba ile kwa simu nyingine. Bado inatumika! Simu iliyokuwa imehukumiwa kutupwa haikuwa na kosa. Akaenda kwenye kisanduku ambapo laini inaingia jengoni, akatenganisha nyaya za ndani na za nje, akapima za nje. Mita ikasoma volti 48 hivi, kama inavyotakiwa kwa laini iliyopumzika. Basi kosa lilikuwa ndani ya jengo. Akaigawa njia nusu kwa nusu, kisanduku hadi kisanduku, mpaka chini ya dirisha linalovuja, ambako kiungio kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Alikata sehemu iliyooza, akaunga upya, akahamishia kiungio mahali pakavu.

Ya mapokezi ndiyo niliyoitazama kwa karibu. Alifungua kitako, akachana kipande cha karatasi nyeupe, akakipitisha katikati ya vile vibati, akavibana kwa ncha ya kidole na kukivuta polepole. Karatasi ilitoka na mstari mweusi. Akachana kingine, na kingine, mpaka kikatoka cheupe. Hakutumia msasa, msasa ungekwangua madini yale membamba, na simu ingerudi kuugua. Kisha akainua mkonga, akausikiliza mlio wa laini kwa muda mrefu, akiutikisa waya taratibu.

Penye swichibodi, mashine inayogawa laini za nje kwa simu za ndani ya ofisi, kazi ni ngumu zaidi. Mteja wa nje amekata, lakini swichibodi haina habari, imeishikilia laini. Mzembe atabadilisha simu za ofisi nzima. Fundi atauliza kwanza kama eksichenji inatuma ishara ya kukata, kwa kukatiza umeme kidogo au kugeuza chanya na hasi, na kama swichibodi imepangwa kuitambua ishara hiyo.

Ustadi huu ulilelewa. Kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilihudumiwa na shirika moja la posta na simu, na hata baada ya hapo kijana alijifunza kwa kumfuata mkubwa wake nguzo kwa nguzo. Leo dawa ya kila kitu ni "badilisha". Simu nzima hutupwa jaani kwa kosa la waya ulio ukutani, mpya hufungwa kwenye waya ule ule uliooza, na masika yajayo lawama huanza upya. Tunaiita hiyo maendeleo, kumbe ni uvivu wa kuuliza.

Wazee hawa wanapungua, na wengi wanaondoka bila kuulizwa. Wewe mwenye ofisi ambayo bado ina nyaya za simu ukutani, kabla hujasaini hati ya kununua nyingine, mwite mmoja wao, na umpe kijana wako wa ufundi amfuate kutwa nzima. Mzee umlipe vizuri.