Nakala za Mkono za Michoro ya Waimpreshonisti Majumbani: Mwanga, Mkono na Jina la Mnakili

Uhakiki wa sanaa ya uchoraji umezoea kuitazama nakala kama kivuli cha kazi nyingine, kitu cha kupamba ukuta wa sebule kisichohitaji kutathminiwa. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yakitumia nakala za mchoro wa Claude Monet uitwao Impression, soleil levant (1872) kama kielelezo, yanajenga hoja kwamba nakala iliyochorwa kwa mkono huweza kufaulu au kushindwa kisanaa, na kwamba kipimo cha kufaulu kwake ni jinsi mnakili alivyoyaelewa maamuzi ya mchoraji wa awali.

Mchoro huo unaonesha bandari ya Le Havre, Ufaransa, wakati wa mapambazuko. Una ukubwa wa takribani sentimita 48 kwa 63, na umehifadhiwa katika Musée Marmottan Monet jijini Paris. Ulipooneshwa mwaka 1874, mwandishi Louis Leroy alilitumia jina lake kuwakejeli Monet na wenzake. Kejeli hiyo ndiyo iliyozaa jina la mkondo mzima. Kwa kuwa Monet alifariki mwaka 1926, muda wa hakimiliki ya kazi zake umekwisha katika nchi nyingi, na kuzinakili ni halali. Sehemu kubwa ya nakala zinazouzwa kwa ajili ya nyumba imetoka Dafen, kitongoji cha mji wa Shenzhen nchini Uchina, ambako biashara hiyo ilianza mwaka 1989 kupitia Huang Jiang, mfanyabiashara kutoka Hong Kong.

Ni muhimu kutofautisha nakala na kazi ya kughushi. Anayeghushi humdanganya mnunuzi kuhusu asili ya kitu. Anayenakili hamdanganyi mtu. Jumba la makumbusho la Louvre limeruhusu wanakili kwa zaidi ya karne mbili, kwa sharti kwamba ukubwa wa nakala utofautiane na wa mchoro wa asili kwa angalau sehemu moja ya tano. Sharti hilo linaonesha kuwa kunakili ni mazoezi yanayoheshimika, mradi mipaka yake iwe wazi.

Kipimo cha kwanza cha nakala ya mchoro wa Monet ni jua lenyewe. Margaret Livingstone, mtafiti wa mfumo wa kuona, amebainisha kuwa jua hilo la rangi ya chungwa lina kiwango cha mwangaza kinachokaribiana sana na cha anga la kijivu linalolizunguka. Mchoro ukigeuzwa kuwa wa rangi nyeusi na nyeupe, jua karibu litoweke. Nguvu yake yote imo katika tofauti ya rangi, wala si ya mwangaza, na ndiyo sababu jua huonekana kana kwamba linatetema. Mnakili anayelichora jua kwa rangi angavu zaidi ili livutie sebuleni hupata duara linalong'aa, lakini hupoteza mapambazuko. Kosa hilo ni la ufahamu kabla ya kuwa la ufundi.

Kipimo cha pili ni alama za brashi. Katika mchoro wa asili, mashua zimechorwa kwa alama chache za giza, na mwako wa jua majini kwa mistari mifupi ya rangi ya chungwa. Alama hizo ni matokeo ya mkono uliokuwa ukiukimbiza mwanga unaobadilika. Mnakili hana haraka hiyo. Mwanga wake umekwishasimama. Akifuata kila mstari kwa uangalifu kupita kiasi, alama iliyokuwa tukio hugeuka kuwa ramani. Nakala bora ni ile ambayo mnakili amejifunza mpangilio wa alama, kisha akazichora kwa kasi yake mwenyewe, hata kama mistari miwili haifanani kabisa.

Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1936, alitofautisha unakili wa mkono na uzalishaji wa mashine. Nakala za majumbani zinautatiza mgawanyo huo, kwani mara nyingi mnakili huchora akitazama picha iliyochapwa au iliyo kwenye skrini. Mashine humkabidhi taswira isiyo na unene wa rangi, naye huurudisha unene huo kwa kukisia. Hapo ndipo ubunifu wake ulipo, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kumpima.

Hata hivyo, kazi hiyo hubaki bila jina. Winnie Wong, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu Dafen, anapinga taswira ya kiwanda chenye wafanyakazi wasio na fikra, na kuwaonesha wachoraji hao kuwa watu wenye mitazamo yao kuhusu sanaa. Filamu ya hali halisi China's Van Goghs (2016) inamfuata Zhao Xiaoyong hadi Amsterdam, ambako anakuta nakala zake zikiuzwa katika duka la vitu vya watalii na si katika jumba la sanaa kama alivyodhani. Ingawa Van Gogh ni wa kizazi kilichofuata Uimpreshonisti, suala ni lilelile: mkono uliochora unalipwa kidogo na hautajwi.

Kutokana na uchambuzi huu, inabainika kuwa kuzidharau nakala zote kwa pamoja ni kuifumbia macho tofauti iliyopo kati ya nakala na nakala. Dharau hiyo humnufaisha muuzaji, kwa sababu kazi isiyohakikiwa haihitaji mwenyewe. Jina la mnakili likiandikwa nyuma ya turubai, Monet hapungukiwi na chochote, na mnunuzi hupata kujua ni mkono wa nani ulioliweka jua lile ukutani kwake.