Mrejesho au Hukumu? Uhakiki wa Istilahi za Mazoezi ya Mtandaoni

Mazoezi ya sayansi katika vyuo vyetu sasa hutolewa, na aghalabu husahihishwa, kwa kompyuta. Mfumo uitwao Moodle, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, hutumiwa na vyuo vikuu vyetu kadhaa. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu, faida yake haihitaji kuelezwa. Lakini kwa wanaoshughulikia istilahi, mfumo huu umeleta msahihishaji asiyejua visawe. Ingawa lugha ya kufundishia sayansi vyuoni ni Kiingereza, yeyote atakaye kuandaa mazoezi hayo kwa Kiswahili hana budi kulifikiria jambo hili mapema.

Tuanze na jina lenyewe. Wengine huyaita mazoezi haya "kazi ya nyumbani ya mtandaoni". Istilahi hii haifai. Katika matumizi ya kila siku, kazi za nyumbani ni kufua, kupika na kuosha vyombo. Tena mwanachuo aghalabu huishi bwenini. "Zoezi la mtandaoni" latosha, nalo halimpotoshi mtu.

Istilahi ya pili, "mrejesho", ina uzito zaidi. Kama neno, limeundwa vizuri kutokana na kitenzi rejesha. Kasoro imo katika kinachopewa jina hilo. Mara nyingi mwanafunzi hupokea maneno "Sahihi" au "Si sahihi" tu. Hiyo ni hukumu. Mrejesho ni maelezo yanayomrejesha mwanafunzi mahali alipokosea, apate kurekebisha fikra zake. Akikosa maelezo hayo, naye ameruhusiwa kujaribu tena, hubahatisha mpaka apate.

Mfano wa Ngorongoro utalidhihirisha hili. Mwanafunzi wa jiolojia apitaye Karatu na kupanda hadi ukingoni huona chini yake sakafu pana ya takriban kilometa za mraba 260, kina chake kikiwa mita 600 hivi. Wengi huiita kreta, wengine, kasoko. Kisayansi, majina hayo hayatoshi. Kasoko ni shimo ambalo volkeno hutolea lava, majivu na gesi, kama lile lililo kileleni mwa Ol Doinyo Lengai, mlima ulioanza kulipuka kwa nguvu mwaka 2007 katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro. Ngorongoro yenyewe ilitokea vingine: zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, mlima mkubwa wa volkeno ulididimia baada ya magma iliyokuwa chini yake kutoka. Shimo la namna hiyo huitwa kaldera.

Sasa tuulize katika zoezi: mlima huo ulipodidimia, ulitokea umbo gani? Mwanafunzi aandike "kasoko". Mwalimu mwenye kalamu angempa nusu ya alama na kumwandikia pembeni tofauti ya kasoko na kaldera. Kompyuta hulinganisha herufi tu. Ikiwa mwongozo wa usahihishaji una neno moja, aliyeandika "kasoko" na aliyeandika "sijui" wote hupata sifuri. Kosa hilo ni la mtunzi wa mwongozo, kwa kuwa Moodle humruhusu aingize majibu mengi, na kila jibu alipe alama zake na maelezo yake.

Basi mwalimu na ayatumie majibu yaliyokosewa mwaka huu kuandika maelezo ya mwaka ujao. Nasi tunaosanifu istilahi tuna wajibu wetu. Orodha inayotoa neno moja sanifu na kunyamaza haimsaidii mtunzi wa maswali. Kando ya "kaldera" yapasa kuonyeshwa "kasoko" na "kreta", pamoja na tofauti ya maana. Mwanafunzi mwenye nusu ya maarifa asihesabiwe kuwa hana kitu.